Matamvua ya Meneja

Nasikia ninyi walimu vijana mnafundisha Kiingereza kwa simu siku hizi. Mwanafunzi yuko Kerege, mwalimu yuko kitandani kwake, juu shati la kazini, chini msuli, na somo linakwenda. Sawa. Sina ugomvi na msuli. Mimi mwenyewe tangu nistaafu nauvaa mpaka sokoni. Lakini huyu binti yenu alinijia hapa barazani wiki iliyopita, akaniamkia vizuri, nikamwitikia, akasema, "Mwalimu Sefu, lile somo la mapumziko nyumbani limenishinda. Nikiwauliza wanafunzi wanafanya nini wakipata nafasi, wananitazama kama nimewaomba nauli."

Nilicheka mpaka kikohozi kikaja. Binti, hata mimi lilinishinda, tena miaka mingi, huku nikijiona bingwa. Nikamwambia aje na wenzake, na leo mmekuja. Haya, nisogezeeni hicho kikapu changu, halafu kaeni. Atakayechezea simu namfukuza. Baraza ni yangu.

Kwanza lieleweni swali lenyewe. Kwenye vitabu ni swali la kitoto: ukipata nafasi nyumbani unafanya nini? Kwetu Pwani huo ni uchokozi! Mtu ukimuuliza habari za kwake anakujibu, "Tupo tu," na hiyo ndiyo adabu. Ya ndani hayaanikwi nje. Na mtoto je? Mtoto wa Pwani anajifunza mapema kwamba kukiri una nafasi ni kujitia kitanzi. Mama yake akisikia tu neno "nafasi" atasema, "Ahaa, una nafasi? Chukua mbuzi ukakune nazi." Sasa wewe mwalimu unasimama mbele ya darasa unamtaka akiri hadharani, tena kwa lugha ya watu. Akutazameje?

Mimi nililijua hilo kwa kuungua. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepangiwa Kiwangwa, nywele nimezichana upande, suruali ina mkunjo wa kukatia kitunguu. Nikawapa wanafunzi kazi ya kufanya nyumbani: mtazame baba yako anavyopumzika, kesho uje utueleze kwa Kiingereza. Loh! Kesho yake nikagundua kwamba Kiwangwa hapakuwa na mwanamume anayepumzika. Baba wote wanaamka alfajiri, wanaswali, wanapalilia mananasi, wanaswali tena, wanalala. Kijiji kizima cha mawalii.

Isipokuwa mtoto mmoja. Huyu alisema kweli tupu: kwamba baba yake hutoka na jembe asubuhi, hulificha nyuma ya duka, hucheza bao mpaka jua la utosi, kisha hujipaka udongo miguuni ndipo arudi nyumbani kula. Kiingereza kimenyooka, sentensi zimepangika! Nikafurahi kipumbavu. Siku ya wazazi nikamsimamisha asome mbele ya watu wote. Nilijiambia, nani hapa atakayeelewa? Wazazi wanapiga makofi tu.

Kumbe mama yake aliwahi kufanya kazi mjini kwa Wazungu. Mtoto alipofika kwenye udongo wa miguuni, mama akasimama. Aligeuka tu akaitazama miguu ya mumewe, na ukumbi mzima ukaitazama miguu ile. Kesho yake asubuhi yule baba alinifuata shuleni na jembe mkononi, na watu wa Kiwangwa wanasema ilikuwa mara ya kwanza jembe lile kwenda mahali kikazi.

Aliyeniokoa ni mwalimu mkuu wangu, Mzee Pazi, Mungu amrehemu. Alinifungia stoo ya vitabu, akamtuliza mgeni kwa chai, kisha akaja kunifungulia. Hakunigombeza. Akasema, "Sefu mwanangu, ukitaka kujua mtu anafanya nini kwake, usimuulize. Mpe kitu ashike mkononi, atakwambia mwenyewe."

Nikasema, "Ndiyo, mkuu," nikatoka, nikayasahau maneno yale kabla sijafika mlangoni. Ujana huo, jamani.

Nilichofanya ni kukimbilia kitabuni. Kulikuwa na kitabu cha zamani chenye kifungu kizuri kisichomgusa mtu. Kwa Kiswahili kingekuwa hivi: "Nyumbani kwangu, wakati wa mapumziko, napiga kinanda. Kisha namwagilia maua yangu. Jioni namtembeza mbwa wangu." Basi! Hakuna baba, hakuna bao, hakuna udongo. Nikakifundisha Kiwangwa, nikakihamishia Fukayosi, nikakileta hapa Bagamoyo mjini. Mpaka leo nenda Fukayosi ukamshtue mtu mzima usingizini, umuulize kwa Kiingereza anafanya nini nyumbani. Atakwambia anapiga kinanda. Hajawahi kukiona, lakini anakipiga.

Nilistaafu nikiwa na kifungu changu mfukoni. Sikukaa sana, kina mama wa mtaani wakanijia. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa inatafuta wanawake wenyeji wa kuwapokea wageni, kuwatembeza, kuzungumza nao. Kiingereza ni lazima. Wakaniomba niwafundishe. Nikapewa chumba kwenye shule ya jirani, tukawa tunakutana baada ya alasiri.

Mmoja wao ni Bi Tatu. Mwanamke wa miaka ya kati, mfupi, mpole, amefiwa na mumewe. Alikuwa anakaa nyuma kabisa, na katika darasa langu alikuwa bubu. Namuuliza, anatabasamu. Namuuliza tena, anatazama viganja vyake. Nikasema moyoni, huyu hana kichwa cha lugha, maskini.

Sasa ngojeni niwaambie sheria yangu moja. Kina mama wale walikuwa wanakuja na mikoba imejaa chane za ukindu, yale majani yaliyochanwa, maana popote wanapokaa wanasuka ukili, ile mikanda inayoshonwa kuwa mkeka. Kwenye msiba wanasuka, kliniki wanasuka, wakisubiri wali uive wanasuka. Mimi nikapiga marufuku. Chane zinachafua sakafu, na mwanafunzi anayetazama mikono hatazami ubao. Kwa hiyo mikoba ikawa inabaki mlangoni, imejipanga, na ndani kina mama wamekaa wamenyooka mikono mapajani, wanakodoa. Nikaona hilo ndilo darasa.

Siku moja mvua ikashuka, paa likavuja mlangoni. Wakaiwahi mikoba yao wakaiingiza ndani. Mimi nikawa nahangaika na ndoo. Nimeinama pale, nikasikia nyuma yangu mtu anazungumza Kiingereza. Si cha kitabuni! Kiingereza cha mtu mwenye hasira. Nikageuka taratibu. Bi Tatu, ukili mkononi, vidole vinakwenda, anamsimulia jirani yake habari za wifi yake, maana Kiswahili nacho nilikikataza darasani.

Alikuwa anamchambua wifi yule kama anavyochambuliwa dagaa! Anavyofunga sukari kabatini kwa kufuli. Anavyohesabu vipande vya samaki kwa sauti mgeni akiwepo. Aliponiona namtazama, akauweka ukili chini kwa aibu, na Kiingereza kikakatika papo hapo.

"Endelea, Bi Tatu," nikamwambia.

Akafungua mdomo. Kimya.

"Haya, shika ukili wako."

Akashika. "Na akienda msalani," akasema kwa Kiingereza, "anaondoka na ufunguo."

Wallahi, nilimjaribu makusudi. Nikimpokonya ukili, ananyamaza. Nikimrudishia, anaanzia palepale alipoachia. Wenzake wanakufa kwa kicheko. Hapo ndipo sauti ya Mzee Pazi ilipotoka stoo ya vitabu na kunikuta na ndoo yangu. Mpe kitu ashike mkononi. Ebo! Maisha yangu yote nimefundisha mikono mitupu.

Tangu siku ile marufuku ikafutwa, na darasa likawa soko. Nilimuuliza Bi Tatu swali la kitabuni, ukipata nafasi nyumbani unafanya nini? Akanijibu bila kuinua macho, "Sipati nafasi, Mwalimu. Nasuka." Nikamuuliza, basi ukichoka, ukitaka kupumzika? Akanitazama kwa huruma. "Si ndiyo hivi napumzika?"

Mngedhani nimejifunza. Lakini kichwa cha mwalimu ni kigumu kuliko kokwa la embe. Usaili ulipokaribia nikaingiwa na woga. Nikawaambia kina mama, haya ya ukili ni ya hapa kwetu, mbele ya meneja mtasema kifungu changu. Kinanda, maua, mbwa. Kikaririni, mtapona.

Bi Tatu alibaki nyuma siku ile. Akaniambia, "Mwalimu, hii kazi kwangu si kazi tu. Kaka yangu amekwishasema, nikiikosa nifunge virago nirudi Vigwaza nikakae kwake."

"Kwa yule wifi?"

"Kwa yuleyule. Pale sukari nitaomba, chumvi nitaomba, hata kutoka uani nitaomba. Nataka mlango wangu mwenyewe, Mwalimu. Niufunge mimi, niufungue mimi."

Niliona machozi yanamlengalenga. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Kariri kifungu, mwanangu." Huyo ndiye mimi.

Siku ya usaili tukafika hotelini wote, kina mama wamejitanda khanga mpya, wananukia asumini hadi getini. Meneja alikuwa mama wa makamo, mtu wa bara, ana sauti ya upole. Amejitupia begani mtandio mrefu wa kijani wenye matamvua, zile nyuzi zinazoning'inia pindoni. Aliweka meza ndogo ya chai karibu na dirisha, kitambaa cheupe juu yake, nacho kina matamvua pande zote. Vikombe, birika, biskuti. Akaniruhusu nikae pembeni kwa sharti nisifumbue mdomo.

Akaanza Bi Mwantumu, jasiri wa darasa. Meneja akamuuliza kwa Kiingereza, ukipata nafasi nyumbani unafanya nini? Bi Mwantumu akakimwaga kifungu chote kwa pumzi moja. Nikatikisa kichwa kwa fahari.

"Una mbwa!" meneja akafurahi. "Anaitwa nani?"

Lahaula! Kitabu hakikusema mbwa anaitwa nani. Bi Mwantumu alitazama juu, akatazama chini, akatazama dirishani. Pale nje alikuwa mumewe aliyemleta kwa pikipiki, amechungulia, anasubiri.

"Hamisi," akasema.

"Ni mkubwa?"

"Mkubwa. Anakula sana."

"Analala ndani?"

"Akiwa na adabu."

Na Hamisi mwenyewe, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, anaona jina lake limetajwa mbele ya meneja, anatabasamu dirishani na kupunga mkono. Mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi.

Akaja wa pili. Kinanda, maua, mbwa. Wa tatu. Kinanda, maua, mbwa. Wa tatu huyo mumewe ni mwadhini, na mbwa akipita uani kwake uwanja mzima unaoshwa! Meneja akaacha kuandika, akanigeukia. "Mzee," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "hapa Bagamoyo kuna vinanda vingapi?"

Nikakumbuka sharti la kutofumbua mdomo. Nikalishukuru.

Mwisho akaingia Bi Tatu. Mkoba wake ulibaki nje kwa mlinzi, mikono mitupu. Akasalimia kwa Kiingereza, salamu yetu ya Pwani nzima nzima: umeamkaje, za nyumbani, za watoto, za kazi, za wageni, za joto hili. Meneja akaitikia zote. Kisha likaja swali.

Bi Tatu akafungua mdomo. Kimya.

Alivitazama viganja vyake. Nami nilivitazama. Niliiona Vigwaza, niliona kabati la sukari na kufuli lake. Kifungu changu hakikumjia, na hata kingemjia, meneja alikwishashiba mbwa. Nilitamani niinuke nimtupie japo kamba ya kiatu changu. Jamani, niliumia. Mtu ananiamini, nami nimemleta vitani nikamwambia aache panga nyumbani.

Lakini kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaona vidole vyake vimeshuka ukingoni mwa meza. Vikaligusa tamvua moja la kitambaa. Vikavuta la pili. La tatu. Vikaanza kwenda, juu, chini, juu, chini, na mdomo wake ukafunguka.

"Sipati nafasi," akasema kwa Kiingereza. "Lakini nitakuambia nyumbani kwangu kukoje."

Na akamwambia! Habari ya kuanika ukindu na kuutia rangi, sufuria ya rangi ikamwagikia kuku, kuku akawa wa zambarau, na jirani akadai si kuku wake tena. Habari ya mkeka wa bibi harusi ulioshonwa na wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja na uongo wake. Habari ya wifi, nayo haikuachwa. Meneja alikuwa amelala juu ya meza kwa kicheko, mtandio umemwangukia mbele mpaka kwenye kitambaa. "Kisha?" anasema. "Kisha ikawaje?"

Mimi pale pembeni nimesahau kifungu, nimesahau kinanda, nacheka na machozi. Kwa hiyo hakuna aliyeangalia mikono.

Sasa ninyi hamjui kusuka, niwaeleze. Chane ikikaribia kwisha, msukaji haangalii. Mkono unapapasa, unaokota chane nyingine iliyo karibu, unaiunga, safari inaendelea. Matamvua ya kitambaa upande wa Bi Tatu yaliisha. Mkono ukapapasa. Ukakuta matamvua mengine, ya kijani, laini, yamelala palepale. Ukayaunga.

Meneja akafuta machozi, akasema, "Bi Tatu, asante sana," akainuka ampe mkono.

Kitambaa nacho kikainuka. Birika likaenda, vikombe vikafuata, biskuti zikaruka mpaka dirishani zikamkuta Hamisi. Meneja akarudi nyuma kwa mshtuko, meza ikamfuata. Akageuka kushoto, kitambaa kikamzunguka. Alipotulia alikuwa amejifunga vizuri kabisa, mtandio na kitambaa ni kitu kimoja, vimesukwa kwa ukili wa mistari, mweupe na kijani, umenyooka na kubana. Wallahi, ulikuwa ukili mzuri.

Chai inadondoka. Nje Hamisi anatafuna.

Bi Tatu alisimama pale, rangi imemtoka, mikono ameificha nyuma. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo sana, "Nisamehe. Nilikuwa napumzika."

Meneja alikaa chini sakafuni, katikati ya vikombe, akacheka mpaka mlinzi akaja mbio. Alipopata pumzi akasema, "Kazi ni yako. Lakini nifungue kwanza."

Wakamfungua? Wapi! Ukili wa Bi Tatu haufumuki. Ulikatwa kwa mkasi wa jikoni.

Siku nyingi zikapita. Jioni moja alinijia hapahapa, amevaa sare ya hoteli, pembe ya khanga ina fundo. Akalifungua fundo, akanionyesha ufunguo. Hakusema wa nini, na sikumuuliza, nilijua. Nikafurahi mpaka nikaanza kupenga kamasi. Akakaa pale ulipokaa wewe binti, akaniuliza kwa Kiingereza kilichonyooka, "Na wewe Mwalimu, ukipata nafasi nyumbani unafanya nini?"

Wanangu. Swali nililowauliza watu maisha yangu yote. Nikafungua mdomo. Tangu nistaafu nilikuwa nakaa hapa asubuhi mpaka magharibi, nahesabu pikipiki zinazopita na kugombana na mke wangu juu ya chumvi. Nafasi ninayo tele, jibu sina. Nilihisi uchungu, siwafichi.

Nikamwambia, "Nipo tu."

Bi Tatu hakucheka. Alitia mkono kwenye mkoba wake, akatoa chane, akanianzishia, akanishikisha. "Shika hapa, Mwalimu. Usibane sana. Haya, zungumza."

Mke wangu alipoona alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Mwanamume mzima, mwalimu mstaafu, anasuka ukili barazani! Wacheza bao wa mtaa huu wananiita Bi Sefu mpaka leo. Na waniite. Ukili wangu wa kwanza umepinda, tumeushona mkeka, paka analalia, naye analalia kwa kunionea huruma.

Mmeona sasa kikapu hiki ni cha nini? Mlidhani maneno yote haya yanatoka kichwani? Tangu mkae hapa mikono yangu imesimama lini?

Njoo, binti. Sogea. Shika hapa, kidole hiki juu, hiki chini, usibane sana. Enhe, hivyo hivyo. Sasa niambie: ukipata nafasi nyumbani, unafanya nini?